Maharage Kumi ya Mama Placidi

Nyumbani kwa Urbani, huko Maguu, hakuna mtu aliyekula kabla jambo halijaisha. Sheria hiyo aliiweka marehemu baba yake enzi za sengu, wanaume wa ukoo walipokusanyika kula chakula kimoja na kukata mashauri yao mahali pamoja. Mzee alikufa, sengu ikatawanyika, lakini sheria yake haikufa. Ilihamia jikoni kwa Albina, mke wa Urbani, na huko jikoni ikanenepa.

Mchana mmoja wa mwezi wa tano, mwaka wa sabini na nne, ugali ulikuwa umeshapakuliwa. Ulikaa kwenye sinia unatoa mvuke, na bakuli la maharage pembeni yake. Placidi, mtoto wao wa kiume, alikuwa ameinamisha kichwa. Mkewe, Serafina, alikuwa anamtazama mama mkwe usoni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mama, mimi nasema tu," alisema Serafina. "Kule barabarani kwenye kijiji kipya wanagawa viwanja. Wenzetu wote wameshajiandikisha. Sisi mwaka wa tatu huu tunalala kwenye chumba cha mahindi. Panya wa mle wananijua kwa jina."

"Placidi, unasemaje?" aliuliza Albina, na kabla Placidi hajafungua mdomo akamjibia. "Placidi anasema nyumba ni kweli inatakiwa. Serafina anasema panya ni kweli wapo. Basi nyumba mtajenga baada ya mavuno ya kahawa, na mimi nitatafuta paka. Mmekubali?"

Ugali ulikuwa unaanza kuota ngozi juu. Placidi aliutazama. Walikuwa wametoka shamba, wamepanda mlima na kushuka mlima tangu alfajiri, na tumboni hamna kitu.

"Tumekubali, mama."

"Sawa, mama Placidi," alisema Urbani, kama alivyosema kila siku kwa miaka ishirini na sita.

Serafina alimeza mate. "Haya, mama."

Albina akashika mwiko, akagonga sufuria mara tatu, ko, ko, ko. "Imekwisha. Tule!"

Wakala. Nyumba ya baada ya mavuno ya kahawa walikuwa wameshaahidiwa mwaka juzi na mwaka jana, kwa mwiko uleule, lakini nani wa kukumbusha wakati tonge liko mdomoni?

Usimwone Albina kuwa mtu mbaya. Alikuwa mshauri wa ndoa aliyechaguliwa na watu wenyewe, mwaka wa kumi na moja sasa, na watu walimpenda. Mume akimpiga mkewe, Albina alikwenda. Mke akirudi kwao na godoro kichwani, Albina alimfuata, akamrudisha na godoro lake. Alifika saa ya chakula, akakaa mbele ya chungu, na shauri halikumchukua zaidi ya mlo mmoja. Vijana walioanza kazi ya ushauri alikuwa akiwafundisha yeye, na wote walitamani kuwa kama yeye.

Walikuwa hawajamaliza kunawa pale mjumbe alipopiga hodi na barua ya ofisi ya Maendeleo ya serikali. Urbani akaisoma polepole, kidole chini ya mstari. Ndugu Albina amechaguliwa kwenda Lundo, kule ziwani, kwa kozi ya wiki mbili. Washauri wakongwe wanafundishwa kuwa wasimamizi wa washauri wenzao, maana vijiji vipya vinazaliwa na ugomvi nao unazaliwa. Mwisho wa kozi kutakuwa na mtihani. Atakayefuzu atawasimamia washauri sita wa kata yake. Asipofuzu, atatafutwa mtu wa kata nyingine.

"Wa kata nyingine!" Albina aliruka, kanga ikamwanguka. "Aje hapa Maguu, anisimamie mimi? Thubutu!" Kisha akaanza kucheka, akajipigia vigelegele mwenyewe, na Serafina, ambaye alikuwa bado ameudhika, akajikuta anamwitikia. Furaha ya mama yule iliambukiza kama miayo.

•

Walifundishiwa kwenye darasa la watoto, shule ikiwa imefungwa. Madawati yalikuwa mafupi, na Albina, mama mzima mwenye mwili wake, alikaa ubavu magoti yakiwa nje. Mchana walipewa ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa lile. Ugali ule ulivutika, ukamganda vidoleni, na Mzee Nathanieli, mshauri kutoka Liuli, akamcheka waziwazi.

"Mama wa milimani, huo hautafunwi. Unamezwa tu, unateleza wenyewe."

"Na mimi siku ukija kwangu nitakupeleka ukalime kwenye mteremko, tuone utateleza mpaka wapi," alimjibu Albina, na kuanzia hapo wakawa marafiki.

Mwalimu wao alikuwa Bibi Maendeleo mwenyewe, Mwanabibi, mzaliwa wa Kilwa aliyeletwa huku na serikali. Miaka thelathini alikuwa hajafika. Albina alipomwona mara ya kwanza alitaka kumwagiza maji ya kunawa.

"Ndugu zangu," alisema Mwanabibi, "sikuja kuwafundisha kushauri. Mimi mtoto nitawafundisha nini? Tumekuja kujifunza kukaa na mshauri ambaye jambo limemshinda, tumsikilize, tumuulize, mpaka njia aione mwenyewe. Msimamizi haingii katika nyumba ya watu. Anaingia katika mawazo ya mshauri, tena kwa hodi."

Kisha akapita na kapu, akampa kila mtu punje kumi za maharage kwenye kisosi. Sharti lilikuwa jepesi kulisikia. Kila utakapompa mwenzio jibu badala ya kumuuliza, punje moja inarudi kapuni.

Nathanieli akajifanya mshauri aliyeshindwa, Albina akawa msimamizi wake.

"Nina nyumba moja," alianza Nathanieli. "Mume ni mvuvi, mke analalamika kwamba..."

"Avue siku tatu tu kwa wiki," alisema Albina.

Punje moja.

"Sijasema analalamika nini, mama."

"Analalamika haonekani nyumbani! Mwambie mumewe..."

Punje ya pili. Jamani, mdomo wa Albina ulikuwa unamwasha. Alikuwa anayaona majibu yamejipanga foleni, yanasukumana, kila moja linataka kutoka la kwanza. Kengele ya saa nne ilipogongwa kisosi chake kilikuwa cheupe. Nathanieli, zamu yake ya kuuliza ilipofika, alibakiwa na saba.

"Bibi Maendeleo," alisema Albina, uso umemwiva, "kwani mtu akinijia na kiu nimuulize kiu yake imeanza lini? Si nimpe maji?"

Darasa likaangua kicheko. Mwanabibi naye alicheka.

"Mpe, mama. Na kesho akija tena?"

"Nitampa tena."

"Na siku ukifa?"

Hilo Albina hakuwa amelifikiria. Usiku aliligeuza, akaligeuza tena, na asubuhi akaomba punje zake kumi upya.

Siku ya pili alibakiwa na moja. Siku ya nne alibakiwa na tatu, akazionyesha kwa wenzake kama mtu aliyepata mtoto. Siku ya tisa likatokea la kutokea. Mama mmoja wa Mbamba Bay alileta shauri lake, limemkaa moyoni miezi mitano. Albina akamuuliza, "Wewe hapo ulitaka nini?" Akafunga mdomo. Akaukaza haswa. Kimya kikakaa, kikakaa, mpaka mkojo ukataka kumtoka kwa kujizuia. Yule mama akainua kichwa polepole, akasema, "Ahaa! Kumbe nilikuwa upande wa mume tangu mwanzo!" Akampiga Albina begani kwa furaha, akakimbia kulichukua daftari lake aandike.

Albina alitoka nje, akashuka mpaka kwenye maji ya ziwa, akacheka peke yake. Miaka kumi na moja alikuwa akiwapa watu majibu, na hakuna aliyewahi kumpiga begani namna ile.

•

Siku ya mtihani lori lilishusha washauri vijana kutoka milimani na pwani ya ziwa. Kila mmoja aliambiwa aje na jambo moja la kweli linalomshinda, lisilotajwa jina la mtu. Wakaokota karatasi za kura zenye majina ya watahiniwa kwenye kapu lilelile la maharage. Getrude, binti wa Maguu aliyefundishwa kazi na Albina mwenyewe, alifungua karatasi yake, akaisoma, akaikunja haraka.

"Bibi Maendeleo, naomba kubadilishiwa."

"Kura ni kura, mwanangu."

Chumba kilikuwa na meza moja. Albina upande huu, Getrude upande ule, Mwanabibi pembeni na daftari lake. Punje kumi zilikuwa kwenye kisosi. Albina moyo ulikuwa unampiga kwa raha. Huyu mtoto wake mwenyewe! Bahati gani hii?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jambo gani linakushinda?"

"Kuna nyumba moja. Mume na mke, vijana. Wanakaa kwa... kwa baba mkwe." Getrude alikuwa anasokota ncha ya kitambaa chake. "Huyo baba mkwe ni mtu wa heshima sana. Lakini kila wanapotaka kugombana, anawapatanisha kabla hawajagombana."

Albina alicheka kwa moyo wote. "Masikini! Wapo wazee wa namna hiyo." Mwanabibi hakugusa punje, maana kucheka si kujibu. "Anawapatanisha vipi?"

"Anakaa mbele ya chakula, mama. Hawali mpaka waseme wamekubali. Na wao wametoka shamba, wana njaa, basi wanakubali. Wakishakubali anachukua mwiko..."

Hapo Getrude akauma ulimi. Baba mkwe gani, milima yote ya Umatengo, anashika mwiko?

"Anachukua mwiko," alisema Albina taratibu, "anafanya nini?"

"Anagonga sufuria, mama. Mara tatu."

Masikio ya Albina yalipata moto. Kwanza alipandwa na hasira. Serafina! Kayatoa ya ndani nje, kwa mtoto mdogo kama huyu! Kisha yakaja majibu, mbio, yanasukumana. Paka nilishaagiza! Nyumba nilisema watajenga! Sheria si yangu, ni ya baba mkwe wangu! Alizitazama zile punje kumi. Akaikamata meza kwa mikono miwili.

"Endelea," alisema, na sauti ilitoka imekauka.

"Huyo mke ameshafunga nguo zake kwenye kanga, kaificha nyuma ya gunia. Anasema kahawa ya mwaka huu ikianza kuvunwa na nyumba haijatajwa, anarudi kwao Litembo. Hatamgombeza mtu. Ataondoka tu." Machozi yalikuwa yanamtiririka Getrude. "Na yule mzee anampenda mkwewe, mama. Wanapendana. Hilo ndilo linaloniuma."

Kahawa ilikuwa imeshaanza kuwa nyekundu Albina alipoondoka nyumbani. Alitaka asimame, apande lori lilelile, afike kabla ya kesho, aifungue ile kanga kwa mkono wake, arudishe nguo kwenye kamba, agonge sufuria. Hakusimama. Alivuta pumzi, akaliuliza swali alilofundishwa, lile la mshauri na si la nyumba.

"Na wewe, Getrude? Wewe umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Namwogopa huyo... huyo mzee. Ndiye aliyenifundisha kazi."

"Usingemwogopa, ungemwambiaje?"

Getrude aliinua uso. Alimtazama Albina kwa muda, kisha akafuta machozi kwa kiganja.

"Ningemwambia, shibisha watu kwanza, ndipo uwaulize. Mwenye njaa hana miiko; atakubali lolote ili ale. Hawa hawajapatana hata siku moja. Wamekula tu."

Nje kuku alikuwa anatangaza yai lake. Albina alisimama, akaiweka sawa kanga yake, akamgeukia Mwanabibi.

"Bibi Maendeleo, nyumba hiyo siwezi kuisimamia. Huyo baba mkwe anavaa kanga, na ndiye aliyesimama mbele yako. Niandikie sifuri, niende zangu."

Getrude alijifunika uso. Mwanabibi aliweka kalamu chini, akavuta kisosi, akahesabu punje kwa kidole, moja moja, mpaka kumi.

"Siku ya kwanza ulizimaliza kabla ya saa nne," alisema. "Leo umeambiwa la nyumbani kwako, na zimebaki zote." Aliichukua tena kalamu, na sauti ilipotoka ilikuwa ya kiofisi. "Utawasimamia watano. Getrude nitamsimamia mwenyewe mpaka nyumba hiyo itulie. Na uliyoyasikia humu?"

"Yamebaki humu."

"Hata kwa huyo mke?"

Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Albina alikaza meno. "Hata kwake."

Basi akapata cheti. Njia nzima ya kupanda mlima, juu ya magunia, wenzake waliimba, naye aliimba kwa sauti kubwa, cheti kikiwa kifuani na zile punje kumi amezifunga kwenye ncha ya kanga. Lakini kila walipopita shamba la kahawa alinyamaza, akanyoosha shingo aone kama watu wameanza kuchuma.

•

Alifika saa ya chakula. Kanga ya nguo, kama ilikuwepo nyuma ya gunia, hakwenda kuitazama. Serafina alimpokea mzigo, akamwambia pole na safari, akapakua ugali. Urbani alikishika cheti kwa ncha za vidole, akakisoma mara mbili, akasema, "Hongera, mama Placidi," kisha akakilaza ndani ya kitabu cha sala kisikunjike. Wakakaa. Mikono mapajani, macho kwenye sinia, wanasubiri jambo.

"Mnangoja nini?" alisema Albina. "Kuleni."

Hakuna aliyejitikisa.

"Mama, unaumwa?" aliuliza Placidi.

"Mzima kabisa. Kuleni, nasema! Mpaka mshibe."

Walikula huku wakimwibia jicho. Serafina alimega tonge la mwisho, akanawa. Mwiko ulikuwa umelala ndani ya sufuria na hakuna aliyeugusa. Ndipo Albina alipofungua ncha ya kanga, akazipanga punje kumi kwenye mkeka mbele yake. Walidhani ni dawa.

"Lile jambo la kiwanja," alisema. "Tulisema limekwisha. Liliisha?"

Serafina alimtazama mumewe. Placidi alitazama dari. Albina alikuwa na majibu saba tayari, na lililokuwa mbele lilikuwa zuri kweli, lakini aliubana mdomo mpaka mashavu yakamtetemeka. Kuku akaingia, akatoka.

"Halikuisha, mama," alisema Serafina mwishowe, sauti inamtikisika. "Tulikuwa na njaa."

"Enhe."

"Mwaka jana nako tulikuwa na njaa. Na mwaka juzi. Mama, mimi nakupenda kama aliyenizaa. Lakini nataka mlango wangu mwenyewe, niufunge na kuufungua mimi."

"Placidi, wewe unasemaje?" Akamwachia. Safari hii alimwachia kweli.

Placidi alijikuna shingo. "Nilishajiandikisha."

"Nini?" Serafina na mama mkwe walisema kwa pamoja.

"Jina langu liko kwa katibu wa kijiji tangu mwezi wa pili. Kiwanja cha nne kutoka kisimani. Nilikuwa naogopa kusema."

"Mwezi wa pili!" Serafina aliruka kutoka kwenye mkeka. "Mwezi wa pili, Placidi! Na mimi nalala na panya wale wote! Ulitaka niagane nao ndipo useme?" Alimpiga na kitambaa cha kichwani, mara moja, mara mbili, kisha akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na Placidi naye akawa anajikinga huku anacheka.

"Mlango muuelekeze mashariki," alisema Albina, akagutuka. Akaokota punje moja akamtupia kuku mlangoni. "Na msijenge karibu sana na njia." Punje ya pili. "Basi, nanyamaza! Semeni wenyewe."

Wakasema. Walisema juu ya matofali, juu ya nyasi za kuezekea, juu ya siku ya kuanza kuchimba msingi. Wakabishana, wakakosana, wakarudi nyuma, wakapatana kwa jambo moja na kuacha mawili. Jua lilihama kutoka mlangoni mpaka ukutani. Serafina aliondoka kidogo, akaingia chumba cha mahindi, na Albina akamsikia anakung'uta kanga, anaondoa vumbi. Aliporudi alikuwa anaona haya, na Albina akajifanya anaokota kitu chini. Punje nane zilikuwa bado zimejipanga mbele yake, na alikuwa anatamani Mwanabibi angekuwepo azione.

Urbani muda wote alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anachokonoa meno kwa kijiti. Sasa alikiweka kijiti chini. Alijipangusa midomo, akakohoa, akasogeza kigoda mbele mpaka magoti yake yakaukuta mkeka.

"Mama Placidi," alisema. "Na mimi nimeshiba."

"Ndiyo, baba Placidi."

"Na mimi nina langu. Si moja. Yameanza siku ya arusi yetu."

Placidi aliacha kucheka. Albina alimtazama mumewe, mtu wa "Sawa, mama Placidi" kwa miaka ishirini na sita. Alifungua mdomo, akaufunga. Akazitazama zile punje nane, akazihesabu kwa macho, kisha akamgeukia mkwewe.

"Serafina, mwanangu," alisema, "hebu nichotee maharage mengine. Konzi nzima."